Gofu, upepo wa kusi na hesabu ya digrii moja

Digrii moja ni kitu kidogo sana. Tazama saa ya ukutani: mkono wa dakika husogea digrii sita kwa kila dakika, kwa hiyo digrii moja ni mwendo wa sekunde kumi tu, mwendo ambao jicho haliuoni. Sasa piga mpira wa gofu mita 150, na mpira utoke ukiwa umepinda kwa digrii hiyo moja. Utaangukia mita 2.6 kando ya ulipolenga. Digrii mbili ni mita 5.2. Digrii tano ni mita 13, na hapo kwa kawaida umeshatoka kwenye nyasi fupi na unautafuta mpira vichakani.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kuwa hapa huwa tunazungumza habari za msimbo, hifadhidata na seva zinazolala usiku wa manane. Leo nawaomba mnivumilie tuzungumze gofu. Msikimbie! Hata kama hujawahi kushika fimbo, mambo ni yale yale: kuna kitu kinakosea, hujui kwa nini, na kila mtu ana dawa yake. Nimeona kwamba sisi tunaoandika programu tuna zana za tatizo hili tayari, ni vile tu hatuna mazoea ya kuzibeba uwanjani.

Kwanza, kwa wasioijua Mombasa. Watu wengi wakisikia gofu hufikiria Nairobi, Muthaiga na Karen, mahali ambapo mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967, yamekuwa yakichezwa miaka mingi. Lakini pwani nako kuna gofu. Huku bara ya kaskazini tuna uwanja wa Nyali wenye mashimo 18. Nyali ilikuwa ndani ya eneobunge la Kisauni mpaka uchaguzi wa 2013 ulipoipa mbunge wake. Kisiwani kuna uwanja wa mashimo 9 kandokando ya barabara ya Mama Ngina, na ukivuka feri ukasimama upande wa Likoni, uwanja huo uko ng'ambo ya mlango wa bahari. Ukienda kusini kuna Diani. Ukipanda kaskazini mpaka Vipingo, kaunti ya Kilifi, kuna uwanja ambao Mjerumani Esther Henseleit alishinda mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open mwaka 2019, akarudi akashinda tena 2022. Mwaka 2024 dada huyo akavaa medali ya fedha ya Olimpiki kule Paris. Kwa hiyo upepo wetu umewapima watu wakubwa.

Na kila uwanja una makedi. Wale ninaowajua mimi hutoka Kongowea, Bombolulu, Mtopanga na Mishomoroni. Hufika alfajiri, hukaa kungoja kuitwa, hubeba mkoba wa mtu kilomita nane au zaidi juani, na hulipwa kwa mzunguko. Siku isiyo na wachezaji ni siku isiyo na unga. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia hapo hapo, kwenye kubeba mikoba. Ndiyo maana kijana anayebeba mkoba huwa na ndoto, na ndiyo maana mama yake huwa na wasiwasi.

Kijana wa habari hii ni mpwa wangu. Ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na ana seti ya fimbo kuukuu zisizofanana, nyingine aliachiwa na wageni. Dada yangu, mama yake, alikuwa amemtafutia nafasi ya kibarua katika yadi ya makontena huko Changamwe. Kijana akawa anakwenda kwa shingo upande. Siku moja dada akaniuliza swali ambalo halikuwa na mzaha ndani yake.

"Wewe ndiye mtu wa hesabu. Nambie kweli: mtoto huyu apoteza wakati, ama ana kitu?"

Swali hilo ni zito. Ukijibu kwa huruma, unaweza kumpotezea kijana miaka mitano. Ukijibu kwa hofu, unaweza kumfungia mlango ambao angeupita. Mimi hucheza gofu siku za mapumziko kwa handikapu ya 22, kwa hiyo jicho langu halina mamlaka ya kumhukumu mtu. Nilimwambia dada anipe wiki kumi, nitapima.

Hapa ndipo habari ya ufundi inapoanza.

Upogo na mtawanyiko

Mtu akikosa shabaha, kuna makosa mawili tofauti kabisa, na dawa zake hazifanani. La kwanza nitaliita upogo: mipira yote kwa wastani inakwenda upande mmoja. La pili ni mtawanyiko: mipira inasambaa huku na huku kuzunguka wastani wake, wowote ule. Fikiria mtu anayerusha mawe kwenye embe. Kama mawe yote yanapita kwa mkono mmoja kulia, huyo ana upogo lakini mtawanyiko wake ni mdogo. Mwambie alenge kidogo kushoto na embe litaanguka. Kama mawe yanapita kulia, kushoto, juu na chini, hakuna ushauri wa kulenga utakaomsaidia. Huyo lazima atengeneze mkono.

Kwenye programu tunalijua hili. Saa ya seva inayokwenda mbele dakika tatu kila siku ni kosa dogo, unairekebisha ukalala. Saa inayokwenda mbele leo na kurudi nyuma kesho ndiyo inayokunyima usingizi.

Shida ni kwamba jicho la mchezaji halitofautishi makosa haya mawili. Mpira mmoja mbaya unaingia moyoni kuliko kumi mizuri. Anapiga mmoja kulia, anabadilisha mshiko. Anapiga wa pili kushoto, anabadilisha miguu. Kufikia jioni amebadilisha vitu sita na hajui kipi kimefanya nini. Fundi wa programu anayebadilisha mistari sita kwa mpigo kisha akajaribu mara moja tunamwitaje? Haya, mimi nimenyamaza.

Namna tulivyopima

Wazo la kwanza lilikuwa kutumia ramani ya simu: unatembea mpaka kwenye mpira, unabonyeza, simu inarekodi mahali. Lakini simu ya kawaida hukosea mita kadhaa, na mita kadhaa ndizo hasa tunazotaka kuzipima. Kipimo chenye kosa sawa na kinachopimwa hakina faida. Tukarudi kwenye kamba. Kamba ndefu ya wavuvi, fundo kila mita, ikatandazwa kukata uwanja wa mazoezi kwa mita 140 kutoka anapopigia. Katikati yake kijiti chenye kitambaa chekundu, ndiyo shabaha. Mpwa wangu anapiga mipira 40 kwa fimbo ya chuma namba 7, kisha tunatembea pamoja tukisoma kila mpira umetua fundo la ngapi, kulia au kushoto. Nambari zinaingia kwenye daftari, na usiku mimi naziingiza kwenye programu ndogo ya Python isiyofika mistari 40. Hakuna cha ajabu ndani yake: wastani, mtawanyiko, na mchoro wa vidoto.

Kwa nini 40? Kwa sababu wastani wa mipira michache hudanganya. Kama mtawanyiko wa mtu ni mita 11, basi wastani wa mipira mitano unaweza kuyumba kwa karibu mita tano bila sababu yoyote, bahati tu. Wastani wa mipira 40 unayumba kwa chini ya mita mbili. Unagawanya mtawanyiko kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mipira, basi. Ndiyo maana watu hutoka kwenye somo la gofu wakiwa na furaha, wamepiga mitano mizuri mfululizo, na Jumamosi ugonjwa unarudi. Ugonjwa haukuwa umeondoka.

Matokeo ya siku ya kwanza: wastani mita 9 kulia, mtawanyiko mita 11.

Nikayageuza kuwa kitu ambacho dada angekielewa. Chukua eneo la shimo lenye upana wa mita 24, yaani mita 12 kila upande wa kijiti. Kwa nambari hizo, mipira 58 katika kila 100 ingetua ndani kwa upande wa kulia na kushoto. Sijaingiza urefu, ni mwelekeo tu. Hamsini na nane si mbaya kwa kijana asiyewahi kufundishwa. Kwa mtu anayetaka kula kwa gofu, haitoshi.

Kuondoa upogo

Upogo wa mita 9 kwa mipira 40 si bahati. Kuna kitu kinachojirudia. Na kosa linalojirudia ndilo zuri kuliko yote kwa fundi, kwa sababu unaweza kuliona tena kila unapotaka.

Tuliweka vijiti viwili chini. Kimoja kinaelekea shabaha, kingine sambamba nacho kwenye vidole vya miguu. Kisha nikamwambia asimame kama kawaida yake, bila kuangalia vijiti, nami nikapiga picha kutoka nyuma. Miguu yake ilikuwa inaielekea bendera yenyewe. Ukiwaza haraka utasema ni sawa. Lakini mpigaji husimama kando ya mpira. Kama ni wa mkono wa kulia, miguu yake inatakiwa ielekee kushoto kidogo ya shabaha, mithili ya reli mbili: mpira uko kwenye reli moja, miguu kwenye nyingine, na reli hazikutani. Ukielekeza miguu kwenye bendera, mwili mzima unaangalia kulia.

Wiki mbili hakufanya kingine chochote. Vijiti tu. Hakugusa mshiko, hakugusa mwendo wa mikono. Tulipopima tena: wastani mita 2 kulia, mtawanyiko mita 11 kama ulivyokuwa. Mita 2 kwa mipira 40 haitofautiki na sifuri. Na ile nambari ya mia ikapanda kutoka 58 hadi 72, bila kuboresha upigaji hata chembe.

Nataka msomaji asimame hapa kidogo. Robo ya faida tuliyoitafuta, na zaidi, ilikuwa kwenye namna ya kusimama. Haikugharimu shilingi. Ukiwa na upogo, usitengeneze mkono.

Kupunguza mtawanyiko

Sehemu hii ndiyo ngumu, na haina njia ya mkato. Lakini fizikia husaidia kujua pa kutazama.

Kwa miaka mingi vitabu vya gofu vilifundisha kwamba mpira huanza safari kuelekea upande ambao fimbo inapita, kisha hupinda kufuata uso wa fimbo. Halafu zikaja rada. Kampuni ya TrackMan ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 2003 ilianza kupima fimbo na mpira kwa rada, na picha ikageuka. Mpira huanza safari karibu kabisa na pale uso wa fimbo unapoangalia wakati wa kugongana: takriban asilimia 75 ya mwelekeo wa mwanzo hutokana na uso kwa fimbo za chuma, na takriban asilimia 85 kwa draiva. Kupinda hewani kunatokana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo. Kwa hiyo mpira ukianza kulia, usilaumu mabega kwanza. Ulaumu uso wa fimbo.

Kuna jambo la pili: mpira umegongwa wapi kwenye uso. Ukiugonga kwa ncha au kwa kisigino, fimbo huzunguka mkononi, nguvu hupotea, na kwa draiva mpira hupinda wenyewe. Ili kujua hili huhitaji rada. Chukua kalamu ya ubao mweupe, weka doa upande wa mpira utakaogongwa, piga. Doa linahamia kwenye fimbo na linakuonyesha mahali. Futa kwa kitambaa, rudia. Hii ndiyo kumbukumbu ya mfumo, na bei yake ni bei ya kalamu.

Madoa ya mpwa wangu yalikuwa yametapakaa kama matone ya mvua kwenye vumbi. Tukachukua jambo moja moja. Wiki ya kwanza, mahali pa mpira kati ya miguu, pasibadilike. Alichora alama ya T chini kwa ncha ya fimbo. Wiki ya pili, nguvu ya mshiko. Alikuwa anakaza kama anayekamata kamba ya ngalawa, na mkono uliokaza hauwezi kuurudisha uso wa fimbo pale pale kila mara. Wiki ya tatu na kuendelea, mwendo: nusu ya nguvu, kisha robo tatu, na haruhusiwi kuongeza nguvu mpaka madoa manane katika kumi yaingie kwenye duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Wazee husema mwenda pole hajikwai. Sijui kama walikuwa wakiwaza fimbo namba 7, lakini inafaa.

Wiki ya kumi: wastani mita 2, mtawanyiko mita 8. Ile nambari ya mia: 85.

Upepo, ambao programu yangu haikuujua

Sasa nitawaeleza nilichofundishwa mimi, maana ufundi haukwenda upande mmoja.

Tulikuwa tunapima wakati wa kusi. Kusi hutoka kusini-mashariki, hushika takriban kuanzia Aprili mpaka Septemba, na kati ya Juni na Agosti huvuma hasa. Baadaye huja maleleji, upepo usio na msimamo, kisha kaskazi kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Novemba au Disemba mpaka Machi. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa pepo hizi kwa karne nyingi. Mpira wa gofu ni jahazi dogo lisilozidi gramu 45.93, na halina nahodha.

Mimi nilikuwa nang'oa majani na kuyaachia yaanguke, kama nilivyoona kwenye televisheni. Mpwa wangu akacheka.

"Mjomba, upepo wa chini hauna maana. Mpira waenda juu ya minazi. Tazama vichwa vya minazi, kisha mivinje ya kule mbele. Hii miwili ikivuma mamoja, amini. Ikivuma mbalimbali, lenga katikati na usijifanye hodari."

Kisha akaniambia mengine ambayo kedi yeyote wa pwani anayajua. Alfajiri upepo wa nchi kavu ni mdogo, na mchezaji wa asubuhi akienda kwa kumbukumbu ya jana alasiri atapotea. Shimo linaloelekea baharini wakati wa kusi si shimo lile lile wakati wa kaskazi, hata kama ubao umeandika mita zile zile.

Nilikwenda kuyatafutia hesabu, na yanakubaliana. Upepo wa mbele huumiza kuliko upepo wa nyuma unavyosaidia. Kanuni ya makadirio ni kwamba upepo wa mbele wa kilomita 16 kwa saa hukunyang'anya kama asilimia 10 ya urefu, ilhali wa nyuma wenye nguvu hiyo hiyo hukuongezea nusu yake tu. Kwa mita 140, ni kama mita 14 kupoteza na 7 kupata. Na ukijaribu kuushinda upepo wa mbele kwa kupiga kwa nguvu, unauzungusha mpira zaidi, unapaa kama tiara, na kosa lako la kulia au kushoto linakuzwa. Dawa ni kuchukua fimbo ndefu zaidi na kupiga polepole.

Nikapata na jambo la kupambana na wenzangu wa Nairobi. Wakija huku hupiga fupi, na husema hewa ya Mombasa ni nzito kwa sababu ya unyevu. Hewa ya huku ni nzito kweli, ila sababu ni kwamba tuko usawa wa bahari na wao wako karibu mita 1,700 juu. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo unyevu peke yake huipunguzia hewa uzito kidogo. Waambieni taratibu, wasije wakakasirika.

Kulenga si kupiga tu

Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichukua rekodi za mamilioni ya mapigo ya wachezaji wa PGA Tour, akatengeneza kipimo cha mapigo yaliyookolewa. PGA Tour ilianza kukitumia kwa mapigo ya kusukumia shimoni mwaka 2011, na kitabu chake kikatoka 2014. Alionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji bora na wa kawaida hutokana na mapigo ya zaidi ya yadi 100, si yale ya karibu na shimo kama watu walivyozoea kusema.

Na mapigo ya karibu nayo yana mipaka yake. Shimo lina upana wa milimita 108. Kwa hesabu nyepesi, ukiwa mita moja una nafasi ya kukosea digrii 3 kila upande. Ukiwa mita 2.4, digrii 1.3. Ukiwa mita 6, nusu digrii. Wachezaji wa PGA Tour wenyewe huingiza takriban nusu tu ya mipira ya mita 2.4. Kwa hiyo ukikosa kwa umbali huo, usivunje fimbo. Umefanya kama wao.

Somo la kulenga linatoka hapo. Ukishajua mtawanyiko wako, acha kulenga bendera. Lenga mahali ambapo mtawanyiko wako wote unakaa salama. Kama bendera iko kulia kabisa, na kulia kwake kuna kichaka, na mipira yako husambaa mita 8 kila upande mara mbili katika tatu, basi kuielekea bendera ni kuukaribisha mpira kichakani. Lenga katikati. Bendera itajitafutia mpira wake baadhi ya siku. Hili ndilo pigo lisilohitaji mazoezi hata ya siku moja, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote kwa mpwa wangu, kwa sababu kijana wa miaka 19 anaiona bendera tu.

Jibu la dada

Nilimpelekea dada nambari tatu kwenye karatasi: 58, 72, 85. Nikamweleza kila moja ilipatikanaje. Nikamweleza pia kile zisichosema. Hazisemi kwamba mtoto atakula kwa gofu. Kati ya kupiga sawa uwanja wa mazoezi na kupiga sawa watu wakitazama, na pesa ya kiingilio ikiwa imekopwa, kuna bahari. Zinachosema ni kwamba kijana huyu akipewa jambo moja la kufanya hulifanya, halifichi likimshinda, na baada ya wiki kumi huwa mtu tofauti na wa mwanzo. Hiyo ni tabia, nayo itamfaa kwenye yadi ya makontena sawasawa na kwenye nyasi.

Dada aliiangalia karatasi kwa muda. "Basi atakwenda Changamwe siku nne," akasema, "na siku mbili ni zake. Kaskazi ikiingia mpime tena. Nambari ikirudi nyuma, tuzungumze."

Mimi sikuwa na la kuongeza. Huyo dada angesimamia timu ya programu vizuri sana: ametoa muda, ametaja kipimo, na ameomba jaribio kwenye mazingira mengine. Nambari za kusi ni za kusi. Msimbo uliofanya kazi kwenye mashine moja bado haujafanya kazi.

Kwa anayetaka kujaribu

Kama una fimbo na uwanja, fanya hivi. Vivyo hivyo kwa anayerusha mishale, anayepiga penalti, au anayekadiria siku za kumaliza mradi.

1. Pima kabla ya kutengeneza. Mapigo 40, fimbo moja, shabaha moja. Andika yote, hata yale ya aibu.
2. Tafuta wastani na mtawanyiko kila kimoja peke yake. Ukiwa na upogo, anza na namna unavyosimama.
3. Badilisha kitu kimoja, ukipe wiki, pima tena.
4. Uso wa fimbo kwanza, mwili baadaye. Kalamu ya ubao mweupe itakusaidia kuliko video nyingi.
5. Soma upepo wa juu. Upepo wa mbele: fimbo ndefu, mkono mpole.
6. Lenga mahali penye nafasi kwa mtawanyiko wako wa leo. Ule wa ndoto zako utaulengea siku ukifika.

Kamba ya wavuvi yenye mafundo iko kwangu, nimeikunja. Aliye karibu na Kisauni akiihitaji nitamwazima, ila airudishe kabla ya Disemba, maana kaskazi ikiingia tuna kazi nayo.